Axanar: mashabiki walipowachukua waigizaji wa kweli, na wenye Star Trek yao wakaamka

Mzee wa Kibanda Umiza (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa muvi za anga kuna mdau aliuliza mbona filamu za mashabiki wa Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za anga, siku hizi ni vipande vya dakika 15, sura ngeni tupu, wakati zamani ungemkuta humo Chekov mwenyewe, Sulu mwenyewe, wale wa tamthilia ya kwanza. Nilianza kumjibu kulekule, nikaona naujaza uzi wa watu. Nimekuja na wangu.

Msimamo nautanguliza, anayetaka kubisha ajiandae mapema. Wenye mali, yaani Paramount na CBS, hawakuwahi kukoseshwa usingizi na filamu mbovu. Miaka nenda rudi watu walishona sare, wakachonga chombo cha anga kwa mbao, wakarekodi na kupandisha mtandaoni bure, na hakuna aliyewagusa. Masharti yalieleweka hata bila kuandikwa: usiuze, usipate faida. Kilichowaamsha ni siku mashabiki walipotoa kitu kizuri. Na kilichokifanya kiwe kizuri, kwa sehemu kubwa, ni waigizaji wanaoishi kwa kazi hiyo.

Nianze na enzi za amani. James Cawley, jamaa wa jimbo la New York aliyekuwa akijipatia riziki kwa kumuiga Elvis jukwaani, alijenga upya seti za Enterprise, kile chombo cha anga cha tamthilia ya miaka ya 60, na kuanzisha mfululizo wa New Voyages, ambao baadaye uliitwa Phase II. Mwaka 2006 akampata Walter Koenig, Chekov wa tangu enzi, kwa skripti ya D.C. Fontana ambaye naye aliandikia tamthilia yenyewe. Mwaka uliofuata akaja George Takei, Sulu mwenyewe, kwenye World Enough and Time. Hii nawaomba muitazame. Sulu anapotelea kwenye sayari fulani, kwa wenzake unapita muda mfupi tu, yeye anarudi kazeeka miaka 30 na ana binti mkubwa. Yaani walitafuta hadithi inayohitaji sura ya mzee, wala hawakumpaka mzee wa watu rangi za nywele ajifanye kijana. Mwaka 2008 ikaingia kinyang'anyiro cha Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na njozi, ikiwa kundi moja na tamthilia ya Uingereza Doctor Who, ambayo ndiyo iliyobeba. Filamu ya mashabiki hiyo!

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Tim Russ, Tuvok wa Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek, akaongoza Of Gods and Men akiwa na Koenig na Nichelle Nichols, Uhura wa tamthilia ya kwanza. Mwaka 2013 Vic Mignogna, mtu wa kuingiza sauti za katuni, akaanza Star Trek Continues, na episodi ya kwanza tu akamrudisha Michael Forest kuwa Apollo, nafasi aliyoicheza mwaka 1967. Scotty wa humo, yaani fundi wa injini za meli, ni Chris Doohan, mtoto wa aliyemcheza Scotty wa kwanza.

Sasa Axanar. Alec Peters, shabiki kindakindaki na mkusanyaji wa vifaa vya Star Trek, alitaka filamu kamili kuhusu nahodha Garth wa Izar, mhusika aliyeonekana kwenye episodi moja tu ya mwaka 1969. Garth akamcheza mwenyewe. Kwanza wakatoa kionjo cha dakika 21, Prelude to Axanar, kikaonyeshwa San Diego wakati wa kongamano la mashabiki la Comic-Con Julai 2014. Kimetengenezwa kama makala ya vita: maveterani wameketi mmoja mmoja mbele ya kamera, wanasimulia Shirikisho, upande wa binadamu, lilivyopigana na maadui zao Waklingoni.

Angalia nani wameketi hapo. Richard Hatch na Kate Vernon wa Battlestar Galactica. Tony Todd, ambaye wengi mnamjua kwa Candyman. J.G. Hertzler, Martok wa Deep Space Nine, nayo tamthilia ya Star Trek. Gary Graham, anayerudia nafasi yake ya balozi Soval aliyoicheza kwenye tamthilia iitwayo Enterprise. Hatch ni kamanda wa Kiklingoni, na anamsifu adui yake kwa sauti ya mtu aliyezika askari wengi, bila kupaza. Ukiondoa vipande vya meli zikirushiana moto, kazi nzima imebebwa na nyuso. Weka hapo jirani yako aliyekopa sare, haifiki dakika ya tatu umeshabadilisha.

Kionjo kile ndicho kilichofungua pochi za watu. Chenyewe kilichangiwa zaidi ya dola 100,000 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha. Kilipotoka, filamu kamili ikachangiwa zaidi ya dola 638,000 hukohuko, kisha zaidi ya dola 570,000 kwenye Indiegogo, mtandao mwingine wa aina hiyo, mwaka 2015. Jumla ni zaidi ya milioni moja ya dola kwa jina ambalo si lao. Sehemu ya fedha ikaenda kukodi na kutengeneza ghala huko California liwe studio.

Tarehe 29 Desemba 2015 Paramount na CBS wakafungua kesi mahakama ya shirikisho, California, wakidai hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyoingiliwa.

Nitaendelea na hukumu na ile miongozo. Kwanza niwasikie.

Chumvi Nyingi

Mzee shusha nondo, mimi nimeshavuta kigoda.

Kamera Moja

Mkuu umeandika vizuri ila mwishoni umenichefua. Ina maana waigizaji ndio walioleta balaa?

Mimi nipo kwenye hizi kazi hapa Dar, nyuma ya kamera. Mwigizaji akipigiwa simu haulizi hatimiliki ya mhusika ni ya nani, hiyo kazi ya prodyuza. Anauliza siku ngapi, usafiri upo, malipo kiasi gani, skripti naipata lini. Hatch na Todd walifanya walichofanya kila wiki maisha yao yote. Unataka waombe hati ya umiliki wa Garth?

Mzee wa Kibanda Umiza

@Kamera Moja sijasema wamekosea, rudia kusoma. Nimesema wao ndio waliotofautisha mchezo wa gereji na filamu. Ni sifa hiyo.

Ila tusidanganyane, sura zao ndizo zilizochangisha. Mtu wa Ohio hakutoa dola 50 kwa sababu anamfahamu Peters. Alimuona Martok na Soval akaona hii ni Star Trek halisi. Mambo yalipofika mahakamani, waigizaji hawakushtakiwa, sawa kabisa, na hela za mchangiaji hakuna aliyesimama kuzielezea.

Mbeba Box wa Minnesota

Niongeze kidogo kuhusu upande wa chama, maana huku Marekani ndio uti wa mgongo wa jambo hili.

Mwigizaji mwenye kadi ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, amefungwa na kanuni ya kwanza ya chama: haruhusiwi kumfanyia kazi prodyuza ambaye hajasaini mkataba na chama. Haijalishi ni filamu ya mamilioni au ya shabiki. Ukimuona mwanachama ndani ya filamu ya mashabiki, ujue ama prodyuza amesaini, ama mwigizaji anahatarisha kadi yake. Chama kina mikataba ya bajeti ndogo na ya kazi za mtandaoni ambayo inaruhusu malipo ya chini.

Hapo ndipo kitanzi kilipo. Ukisaini na chama, wewe ni mwajiri, una karatasi za malipo. Halafu huohuo unamwambia mwenye Star Trek kwamba huu ni mchezo wa mashabiki tu. Ukimtaka mwigizaji wa kweli kihalali, lazima uache kuwa shabiki kwenye makaratasi.

Kamera Moja

Hii ya Mbeba Box ndiyo niliyokuwa naitafuta. Asante.

Binti Pangani

Jamani kuna jambo mnalipita. Hawa wazee wa Star Trek ya kwanza walilipwa nini hasa?

Mikataba ya miaka ya 60 ililipa marudio machache ya mwanzo, basi. Chama kilipata malipo ya marudio yasiyo na ukomo mwaka 1974, tamthilia ilikufa 1969. Ikarushwa dunia nzima miongo na miongo, waigizaji wanaangalia sura zao kwenye TV za watu bila senti. Wakaishi kwa makongamano na kusaini picha. Leo anakuja Cawley, anampa Koenig episodi nzima ya kwake peke yake, wakati enzi zile Chekov alikuwa anapewa mistari minne na kelele moja. Takei vilevile. Nichelle Nichols ndiyo usiseme, Nyota Uhura wetu yule, binti wa Afrika anayeongea Kiswahili angani, miaka yote amekaa na kifaa sikioni anasema masafa yako wazi.

Mashabiki waliwapa nafasi ambazo studio haikuwapa. Mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo, na ninyi wanaume mnaohesabu dola hapa mngekuwa mmeigiza miaka mitatu na kulipwa marudio machache mngeenda mbio.

Mzee wa Kibanda Umiza

Dada, hapo sina neno. Ndiyo maana miongozo ile iliniuma zaidi kuliko kesi. Naileta sasa.

Juni 2016, kesi ikiwa bado inaunguruma, CBS na Paramount wakatoa masharti kwa filamu zote za mashabiki, yaani hata wale ambao hawakuwahi kukorofisha. Hadithi isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 jumla, na usirudi na sehemu ya tatu. Jina lisibebe maneno Star Trek, isipokuwa pale chini useme ni kazi ya mashabiki. Michango isizidi dola 50,000. Usiwape wachangiaji zawadi zenye nembo. Ukitumia vifaa ambavyo vinauzwa madukani kwa leseni, nunua vile vya leseni, usitumie vya kuiga.

Halafu kile kipengele. Waandaaji, waigizaji na wote wanaoshiriki wawe watu wasio wa fani, wasilipwe, na wasiwe wanaajiriwa sasa, au waliowahi kuajiriwa, kwenye tamthilia au filamu yoyote ya Star Trek, wala na kampuni yoyote yenye leseni yao.

Someni tena "waliowahi kuajiriwa". Koenig amefungiwa. Takei amefungiwa. Fundi aliyebandika masikio yenye ncha ya Wavulkani mwaka 1993 amefungiwa. Mtu aliyechora jalada la kitabu chenye leseni naye yumo. Na Hatch, ambaye hakuwahi kucheza Star Trek yoyote rasmi, anakamatwa na "wasio wa fani". Anayeijua Star Trek kuliko wote ndiye asiyeruhusiwa kuigusa.

Chumvi Nyingi

Kumbe Star Trek nayo ina kamati ya nidhamu.

Wakili wa Mtaa

Ngoja niweke upande wa sheria, maana naona hisia zinapanda.

Utetezi mkubwa wa Axanar ulikuwa kwamba ni matumizi halali yasiyohitaji ruhusa. Jaji R. Gary Klausner aliutupa mwanzoni mwa Januari 2017. Hoja ya "tunatoa bure" haikumsaidia Peters, kwa sababu jaji aliangalia faida kwa upana: fedha zilizochangishwa kupitia kazi ile, na matarajio ya kupata nafasi nyingine kutokana nayo. Na sifa waliyoinadi kwa wachangiaji, kwamba wamefuata Star Trek mpaka kwenye vitu vidogo kabisa, ikageuka kuwa ushahidi dhidi yao. Huwezi kutamba mtandaoni kwamba yako ni Star Trek halisi ya hadhi ya Hollywood, kisha mahakamani ukasema ni kitu kingine tofauti.

Kilichobaki kilikuwa cha baraza la wazee wa mahakama: je, mtazamaji wa kawaida angeona kufanana, na je, waliingilia kwa makusudi. Kesi ilikuwa isikilizwe mwisho wa mwezi huohuo. Tarehe 20 Januari wakapatana nje. Peters akaruhusiwa vipande viwili vya dakika 15 kila kimoja, bila matangazo ya kibiashara.

Kwa hiyo Mzee, mimi nakubaliana na wenye mali. Mali ni yao. Kama mtu anakusanya milioni kwa jina lako, anaajiri waigizaji wako, anajenga studio, huyo ni mshindani. Kumwita shabiki ni heshima tu.

Mtoto wa Likoni

Wakili umesema ukweli lakini mbona J.J. Abrams alisimama mbele ya watu Mei 2016 akasema kesi inaelekea kuisha? Alisema Justin Lin, mwelekezi wa Star Trek Beyond, alikasirika akaenda kuwaongelesha studio. Watu wakapiga makofi. Miezi minane baadaye bado wako kortini.

Wakili wa Mtaa

Mwelekezi si mteja. Mteja ndiye anayemwagiza wakili. Makofi hayafuti kesi.

Dj Kanda Mbili

Hapa kwetu sisi tunaotafsiri muvi tukishtakiwa tutapona kweli?

Wakili wa Mtaa

@Dj Kanda Mbili usiulize maswali hayo hadharani ndugu yangu.

Mtoto wa Likoni

😂😂 Umempa ushauri wa bure huyo.

Ila kuna kisa kitamu kwenye hiyo kesi. Paramount na CBS waliorodhesha vitu wanavyosema vimeibwa: masikio ya Wavulkani, sare, na lugha ya Kiklingoni. Basi chama cha watu wanaotunga lugha wakapeleka hoja mahakamani, Aprili 2016, kwamba lugha inayosemwa na watu haiwezi kuwa mali ya kampuni, hata kama Marc Okrand alilipwa kuitunga kwa ajili ya filamu ya 1984. Na sehemu za hoja wakaziandika kwa Kiklingoni chenyewe! Sijui karani wa mahakama alijisikiaje.

Kamera Moja

Nimesoma yote. Nabaki na swali kwa Mzee na Wakili. Power/Rangers, filamu fupi ya kishabiki ya Joseph Kahn, Februari 2015, mnaiwekaje? Katee Sackhoff na James Van Der Beek ndani, mwelekezi ni mtu wa video za muziki wa hadhi ya juu, dakika 14, damu mpaka kwenye kamera. Saban, wenye Power Rangers yao, wakaiondosha Vimeo na YouTube, kelele zikawa nyingi, siku chache wakapatana na ikarudi na tangazo kwamba si kazi yao rasmi. Wataalamu tupu, uchafu wa kila aina kwenye hadithi ya watoto, na bado iliachiwa. Axanar yenye heshima zote ikaburuzwa mwaka mzima.

Mzee wa Kibanda Umiza

Swali zuri. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Kahn hakumchangisha mtu. Ilitoka ikiwa imekamilika, ikaisha dakika ya 14, hakuna "tunaendelea, changieni". Saban walikuwa na kero ya siku moja. Paramount walikuwa na kiwanda kinachojengwa pembeni ya kiwanda chao.

Ndiyo maana nasema waigizaji peke yao si tatizo, na hela peke yake si tatizo. Ni pale sura ya mwigizaji inapokuwa dhamana ya hela. Kipengele cha CBS kiliua kimoja pamoja na kingine, wakati dola 50,000 tu zingetosha kuzuia Axanar nyingine. Waigizaji walifungiwa bila sababu, na hapo Wakili hujanijibu.

Wakili wa Mtaa

Nakujibu. Ukimruhusu Takei bure, mwingine atasema "nimemruhusu Takei na nimemlipa nauli", wa tatu atasema "nauli na hoteli ya wiki mbili", wa nne atakuwa na mkataba wa chama. Mwenye mali anataka mstari ambao karani wake anaweza kuukagua bila kufikiri. Ni ukatili, sikatai. Ila unakagulika.

Mbeba Box wa Minnesota

Na wapo waliojaribu kuuruka huo mstari. Renegades ya Tim Russ na Koenig, ile ya 2015, walikuwa wakiota CBS waichukue iwe tamthilia. Miongozo ilipotoka wakafuta Star Trek yote kwenye mwendelezo wao: jina, nembo, majina ya wahusika. Koenig akabaki kuitwa Amirali tu. Nichols naye yumo humo. Ukiitazama unajua kabisa ni nani, ila hakuna anayethubutu kumtaja.

Star Trek Continues wao walikaza, wakapunguza mpango wao na kumaliza kwa episodi 11 mwaka 2017, ndefu kuliko dakika 15 na zenye waigizaji wao walewale. Hawakushtakiwa.

Binti Pangani

Hatch aliwahi kuicheza hiyo filamu kubwa ya Axanar?

Mzee wa Kibanda Umiza

Hapana. Alifariki tarehe 7 Februari 2017, hazijapita wiki tatu tangu wapatane. Gary Graham akafariki Januari 2024, Tony Todd Novemba mwaka huohuo. Prelude ndiyo iliyobaki.

Chumvi Nyingi

Na yule wa Elvis? Au naye alipelekwa kortini?

Mbeba Box wa Minnesota

Cawley ndiye aliyecheza karata vizuri kuliko wote. Mwaka 2016, mwaka uleule wa miongozo, alichukua leseni ya CBS, akaacha kutengeneza filamu, akageuza seti zake za Ticonderoga, New York, kuwa sehemu ya maonyesho. Unalipa kiingilio, unazungushwa ndani ya Enterprise. William Shatner ameshakwenda pale mara kadhaa, watu wananunua tiketi wapige naye picha kwenye kiti cha nahodha.

Kamera Moja

Subiri. Yaani Shatner, nahodha Kirk mwenyewe, anaruhusiwa kukaa kwenye kiti kilekile kilichotengenezwa kwa ajili ya filamu ya mashabiki, analipwa, ila akifungua skripti ya shabiki akasoma mistari miwili ni kosa?

Wakili wa Mtaa

Picha ina leseni. Skripti haina.

Kamera Moja

Nimekuelewa mkuu. Naenda kutafuta leseni ya kiti.